Salma Amekwenda Uwanja wa Farasi

Auburn, Sydney
Septemba 2021

Mpendwa Baba Salma,

Leo asubuhi Salma ametoka kwenda kazini pale uwanja wa farasi. Nasema uwanja wa farasi kwa sababu ndilo jina nililolizoea, ingawa wewe unajua kwamba siku hizi ni kasino na hoteli na bwawa la kuogelea, na siku nyingi farasi ni picha tu kwenye ukuta wa lifti. Amekwenda kule kule ulikokuwa ukisukuma toroli la mashuka. Mimi nimekaa jikoni, upande wako wa meza. Nimeona nikuandikie wewe, maana nikiandika natulia kidogo.

Naogopa, Baba Salma. Nikwambie hilo kwanza, mengine yafuate.

Bado niko eda. Uliondoka katikati ya baridi, na sasa miti ya mtaani imeanza kutoa maua, na mimi sijavuka kizingiti. Ungekuwepo ungecheka, kwa sababu mji mzima umefungiwa kwa korona, unakaa eda pamoja nami. Msikiti umefungwa. Duka la nyama linauzia mlangoni. Watu wanachungulia madirishani kama wake wenza. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa, na wiki iliyopita askari wa jeshi walikuja kubisha mlango kuuliza kama tuna chakula. Salma anasema walikuwa vijana wapole, mmoja alitaka hata kumpungia bibi mkono. Bibi mwenyewe nilikuwa chooni nimejifungia. Siku hizi kila anayebisha namwona ni yule aliyekuja kukuchukua, mwenye mavazi meupe ya plastiki, asiyeonekana uso.

Eda niliyoijua mimi haikuwa hivi. Mama yangu alipokaa eda kule Tanga, nyumba haikukosa watu. Huyu kaleta uji, huyu kaja kusuka ukili, huyu hana la maana ila kaja kusengenya. Hapa jirani yetu Mturuki anaweka sufuria ya supu mlangoni, anabonyeza kengele, anakimbia. Nikifungua nauona mgongo wake tu. Simlaumu. Na mimi ningekimbia.

Basi mchana wote nakaa na mambo yetu ya zamani, hata yale madogo yasiyo na kazi. Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka uwanjani, ulipokuwa bado mtunza farasi? Nilikuwa mgeni kabisa hapa Australia. Jua lilikuwa kali, na ule uwanja ulikuwa uwanja kweli, una njia ya mchanga ya mviringo, uzio wa mbao, jukwaa la bati, na nyuma yake mabanda yananuka majani makavu na mikojo ya farasi. Farasi walikuwa wanavuta vigari vidogo vya magurudumu mawili, na dereva ameketi nyuma amenyoosha miguu mbele. Sikuelewa chochote. Nikamwona farasi mmoja mweusi anawapita wenzake, mkia juu, anakwenda kama amefukuzwa. Nikapanda juu ya benchi nikapiga vigelegele. Vigelegele vya harusi! Wazungu wote wakageuka. Wewe ukanivuta ushungi.

"Shuka, bibi, shuka. Huyo ndiye aliyeshindwa."

"Ameshindwaje na yuko mbele?"

"Hapa hawaruhusiwi kukimbia. Wanakwenda mwendo wa kupokezana miguu tu. Akianza kukimbia amevunja mwendo, anavutwa pembeni."

"Sasa ni mbio gani hizi za kukataza mbio?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukaenda kuwasimulia wenzako mabandani, na tangu siku ile farasi yeyote akivunja mwendo walisema kasikia vigelegele vya mkeo. Nilikununia siku kadhaa. Sasa natamani uniambie tena.

Na Bi Mkubwa, yule farasi jike, unamkumbuka? Hakuwa mali yako, ulikuwa ukimtunza tu, lakini ulimpenda hadi nikaona wivu. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, wewe ukamwita Bi Mkubwa, na akawa anaitika. Alikuwa mwoga kuliko farasi wote wa pale. Mfuko wa plastiki ukipeperuka tu, anatetemeka kuanzia masikio hadi kwato. Wenzako walimziba masikio kwa pamba, wakamvuta kamba, wakamfokea. Wewe ulikuwa unakwenda kusimama kando yake, unatazama kule anakotazama yeye, unangoja mpaka ukione kinachomtisha. Ndipo unamwambia kwa Kiswahili, "Nimekiona na mimi. Ni mfuko tu. Twende."

Mifuko yako yote ilikuwa na karoti kwa ajili yake. Siku ile ya Idd ulisujudu, karoti ikachomoka kwenye kanzu ikabingirika hadi safu ya mbele, mbele ya imamu. Salma alikuwa mdogo, yuko upande wetu wa wanawake, na bado anaisimulia hadi leo, kwa Kiingereza, na anaongeza chumvi. Anasema karoti zilikuwa tatu.

Halafu uwanja ukaanza kukua. Kwanza waliweka mashine chache za kamari chini ya jukwaa, kwenye chumba kilichokuwa cha chai. Mashine zikazaa. Ikaja baa, ikaja mikahawa, ikaja meza za karata, ikaja hoteli ya vioo ya ghorofa nyingi na bwawa lenye maji ya buluu. Mabanda yakavunjwa pawe maegesho ya magari, na farasi wakawa wanaletwa kwa malori siku za mashindano tu. Uliniambia siku moja kitu ambacho sijakisahau. Ulisema umepita na toroli lako kwenye ukumbi, ukawaona watu wamekaa wanatazama mbio kwenye televisheni, na farasi wenyewe wanapita nje ya dirisha, nyuma ya migongo yao. Hakuna aliyegeuka.

Bi Mkubwa alipouzwa ulikaa siku nyingi bila kuzungumza, halafu ukaomba kazi ya kufua. Nikakuuliza kama ni halali kula mshahara wa nyumba ya kamari. Ukasema umemuuliza shehe, na shehe naye ana watoto wanaofanya kazi pale. Kisha ukasema, "Mama Salma, mimi nafua shuka. Shuka halichezi kamari."

Ndivyo ulivyokuwa. Na ndiyo maana ulipoambiwa kwamba hoteli itapokea wasafiri wa karantini, na atakayetaka kukaa nyumbani akae, hukukaa. Ulisema watu waliofungiwa wanahitaji mashuka safi kuliko watu wengine. Nilikuwekea barakoa mbili mfukoni. Kila jioni ulirudi unanuka dawa, ukavua nguo zote uani kwenye baridi, huku unaimba ili nisikie kuwa u mzima. Siku moja hukuimba.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, acha nikwambie ya upande wangu. Simu ya hospitali ilikuwa ikilia kila siku baada ya chakula cha mchana. Nesi alikuwa anatia simu yake kwenye mfuko wa plastiki anakuwekea karibu na sikio, na mimi nakusomea. Siku ya mwisho aliigeuza simu iwe ya video, nikaona umefumbua macho, ukasogeza midomo chini ya ile mashine ya pumzi, na nesi akainama akusikilize, hakuelewa. Mimi nilielewa. Uliniuliza, "Umewasha hita?" Nikasema nimewasha. Nilikuwa sijaiwasha. Nikaenda nikaiwasha, na nilipoirudia simu walikuwa wamekata.

Huwa najiuliza nani alikuosha, na kama mikono yake ilikuwa ya upole. Shehe ananiambia kwa simu kwamba kwa maradhi kama haya dini imeweka wepesi, nisihangaike. Nayakubali maneno yake, na bado nahangaika. Wanawake wa kwetu hatuendi makaburini siku ya maziko, lakini safari hii hata wanaume walikwenda wachache tu, wamesimama mbalimbali. Kijana mmoja alinionyesha kwa video kutoka pale makaburini Lidcombe. Mkono wake ulikuwa unayumba. Nikaona viatu, nikaona udongo mwekundu, nikaona ndege mweupe ametua juu ya uzio. Wewe sikukuona.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Hoteli sasa imegeuzwa tena. Wasafiri wameondolewa, wameletwa wagonjwa, wale wasio na nafasi ya kujitenga nyumbani kwa sababu wanakaa watu wengi katika vyumba viwili. Wanahitaji manesi kama Salma wetu. Ijumaa Salma alikuja hapa jikoni amevaa soksi zako, akasimama pale kwenye friji. Unamjua, kila kitu Kiingereza, hata akijigonga kidole analia kwa Kiingereza. Siku ile alisema kwa Kiswahili, polepole, kama aliyejifunza usiku mzima.

"Mama, wameniita kazini. Pale pa Baba. Nipe radhi niende."

Nilikuwa naosha sahani. Nikaendelea kuiosha.

"Mama, plizi. Sema kitu."

"Hakuna manesi wengine Sydney nzima?"

"Wapo. Wamechoka. Wengine wanaumwa."

"Ndiyo na wewe ukaumwe?"

"Mimi nimechanjwa. Baba alikuwa bado."

"Usinitajie baba yako ukiwa umesimama hapo."

Hakunijibu vibaya. Alisema, "Bila radhi yako siendi," akaingia chumbani kwake. Ningependa angepiga kelele, angebamiza mlango, nipate cha kugombana nacho. Alinipa mimi uamuzi wote, kama anayenikabidhi funguo. Jumamosi nzima hatukusemezana zaidi ya chakula kipo, chai ipo. Jumapili vilevile. Mimi moyoni nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nangoja tu wapate mtu mwingine, yaishe, nibaki nimemfungia humu ndani mpaka dunia ipone.

Jana mchana simu yake ikalia. Alikuwa ni msimamizi wa hoteli kule. Kuna mama mmoja mtu mzima, Mkongomani wa Lidcombe, amewekwa peke yake ghorofani, na tangu aletwe hajala. Wamempigia mkalimani, mama akakata simu. Wamesikia Salma anajua Kiswahili. Msimamizi akamuunganisha na yule mama, Salma akaweka simu mezani kwa spika, akajitahidi. "Mama, wewe... chakula... kwa nini hapana?" Ile sauti ya upande wa pili ikaanza kulia. Salma akanisukumia simu, macho yamemtoka.

"Hujambo, mama yangu," nikasema. "Naitwa Mama Salma. Niko Auburn."

"Weye pia unasema Kiswahili ya redio," akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, ambamo watu ni batu. "Yule wa kutafsiri ku simu alisema vile vile. Sikumwamini."

"Mimi si wa redio. Niko jikoni kwangu."

"Unapika nini?"

"Maharage."

"Angalia, yasiungue."

Na kweli yalikuwa yanaungua. Salma akaruka kuzima jiko. Yule mama, jina lake Mama Faida, akacheka kidogo, halafu akakohoa. Baba Salma, kile kikohozi. Nilikijua. Niliisukuma simu mbali nami kama kwamba kingenipata kupitia spika. Ilinichukua muda kuirudisha.

"Kwa nini huli, mama?"

"Banaweka chakula ku mulango, banapiga mulango, banakimbia. Batu banavaa sawa batu benye kuenda ku mwezi. Nitakula namna gani chakula ya mutu mwenye kunikimbia? Na hapa si hospitali. Hospitali gani iko na zulia, na kitanda ya batu bane? Balinileta hapa nikufe mbali na batoto yangu."

"Fungua pazia. Niambie unaona nini."

Nikasikia anajikokota. "Ninaona barabara ya muchanga. Inazunguka, inarudia fasi moja. Haiende kokote. Mungu wangu, ni barabara gani hii?"

Nikaketi. "Hiyo si barabara, mama. Ni njia ya farasi. Mume wangu alikuwa akiwatembeza hapo. Na hapo chini yako penye magari palikuwa na mabanda yao."

"Sasa mimi niko ku nyumba ya farasi?"

"Ilikuwa zamani. Siku hizi ni nyumba ya kamari."

"Yesu wangu! Afazali farasi."

Nikacheka. Nimecheka ndani ya eda, na Salma alinitazama kama ninayepata wazimu. Nikamweleza Mama Faida palipokuwa jukwaa, palipokuwa uzio, na jinsi wale farasi walivyokatazwa kukimbia kwenye mbio. Akasema Wazungu wana mambo. Akawa anauliza, na sauti yake inashuka, inatulia. Ndipo akauliza lile nililoliogopa.

"Na bwana yako? Iko wapi sasa?"

Salma akatikisa kichwa, nisiseme. Nilifikiri nikimficha, atajua, maana aliyelala peke yake anasikia kila kitu kwenye sauti ya mtu.

"Amefariki, mama. Kwa maradhi haya. Alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba hiyo hiyo uliyomo."

Nikadhani nimemuua.

"Pole, dada," akasema. "Na aksanti kunisemea kweli. Hapa bote banasema oke, oke, oke. Minaogopa sana hiyo oke." Akapumua. "Sasa simu hii batachukua. Kesho nani atasema na mimi?"

"Binti yangu," nikasema. "Ni nesi. Atakuja asubuhi."

Yalinitoka, Baba Salma. Sikuwa nimemtazama Salma, sikuwa nimefikiri chochote. Nilisikia tu mtu anaogopa kama ninavyoogopa mimi, na mdomo ukasema.

"Jina yake?"

"Salma."

"Salma. Muambie aje. Na yeye asinikimbie."

Simu ilipokatika tulikaa, mimi na Salma, na moshi wa maharage. Yeye ndiye aliyeanza, na akaanza kwa kunionea huruma. "Mama, ulikuwa unamtuliza tu. Naweza kuwapigia nikasema siwezi."

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Basi utampigia ukamwambie nini?"

Leo kabla hajaondoka alipiga magoti hapa sakafuni, maana amenizidi urefu. Nikamshika kichwa nikamsomea. Nikamwambia, "Radhi zangu unazo. Na za baba yako unazo, maana sasa nazisema zote mimi." Sikuwa mama jasiri, usije ukadhani. Nilimshika ukosi wa koti hata akalazimika kuvifungua vidole vyangu kimoja kimoja. Nilimfikisha mlangoni, nikabaki ndani ya kizingiti kwa ajili ya eda, na yeye akashuka ngazi akapungia mkono bila kugeuka. Ungemtazama mabega ungedhani ni wewe.

Sijui hofu hii itaisha lini. Nasikia gari la wagonjwa barabarani, nasimama. Linapita, nakaa. Jioni atarudi, atavua nguo uani, na mimi nitasimama nyuma ya kioo nikimtazama midomo kama inaimba. Kesho atakwenda tena, na kesho kutwa. Sikumpa radhi ya siku moja. Nilifikiri nikishaitoa moyo utatulia, kumbe sasa ndiyo naogopa kweli, kwa sababu jana nilikuwa naogopa jambo ambalo ningeweza kulizuia.

Watu wananipigia simu wananiambia nikukumbuke kwa dua, na nafanya hivyo kila sala. Lakini leo nakuomba wewe. Nimemtoa mtoto wetu kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliye hai anayejua ni mtoto gani huyo niliyemtoa. Huko uliko, kama mnaruhusiwa, unikumbuke.

Mkeo,
Mama Salma